Siku Thelathini za Kunyamaza

Foleni ya mbolea ya ruzuku kwenye bohari la Bodi ya Nafaka mjini Kitale inataka subira. Unafika giza bado, unaweka jiwe au gunia tupu kushika nafasi yako, halafu unatafuta chai na mandazi ukimngoja karani afungue. Hapo ndipo jirani yangu aliponikuta. Akakaa kando yangu, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hii. Macho yangu yamekataa."

Ilikuwa picha ya ukurasa wa Gazeti Rasmi la Serikali. Mpwa wake aliye Nairobi alikutana nayo, akaituma, ikapitia kundi la WhatsApp la ukoo kabla ya kumfikia mwenyewe. Nikaikuza kwa vidole. Mahakama ya Kitale. Jina la marehemu: baba yake mzazi. Mwombaji wa barua za kusimamia mirathi: ndugu yake wa baba mmoja, mtoto wa mke mdogo. Kisha ile sentensi inayofanana kila mara: mahakama itazitoa barua hizo asipojitokeza mtu mwenye sababu ya kupinga ndani ya siku thelathini tangu tangazo kuchapishwa.

"Ni ya tarehe gani?"

Nikamwonyesha. Akahesabu miezi kwa vifundo vya ngumi, kama tulivyofunzwa shuleni. Siku zilikuwa zimekwisha kitambo.

"Na juzi nilikunywa chai naye," akasema. "Kwangu."

Foleni ikasogea. Tukainuka kila mtu na gunia lake.

Tangazo laongea na nani?

Tangu asubuhi ile sentensi ya siku thelathini imenikaa kooni. Nauza dawa ya kupe dukani, inakuja. Napima mbegu, inakuja. Mtu anaishi kwenye shamba alilozaliwa, anachota maji kisima kimoja na mwombaji, wanaazimana jembe la kukokotwa, halafu sheria inasema amejulishwa.

Amejulishwa na nani?

Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa. Limekuwa likitoka, kwa majina tofauti tofauti, tangu 1899. Nikijaribu kumwona msomaji wake wa zamani huku kwetu, namwona mlowezi mwenye sanduku la posta, karani wa kumfungulia barua, wakili mjini, na kuanzia 1926 reli iliyofika hadi Kitale. Ukimwambia mtu huyo "umetangaziwa", hana la kusema. Baada ya uhuru mashamba yale yakakatwa: mengine yakawa mipango ya makazi, mengine yakanunuliwa na watu waliochanga shilingi zao kwenye kampuni na vyama. Palipokuwa na bwana mmoja na mbwa wake pana vijiji sasa, pana Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Wapokot, Waturkana, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni. Tangazo halikubadilika. Katiba ya 2010 inakihesabu Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini mirathi ya mkulima wa Kachibora bado inatangazwa kwa Kiingereza cha wakili.

Mwanzoni nililichukulia jambo hili kama uzembe. Nikadhani serikali inataka kutufikia ila haijui njia, na nikawa na orodha kichwani ya njia za kuipa: redio, baraza la chifu, ukuta wa kinu cha kusaga unga, ambapo kila nyumba hupeleka mtu angalau mara moja kwa wiki.

Kisha nikayasoma tena maneno yale, polepole, nikaanza kushuku kwamba nalidai tangazo kazi isiyo yake. Halikuandikwa ili jirani yangu ajue. Liliandikwa ili siku moja hakimu aweze kusema kwamba alipewa nafasi ya kujua.

Hizo ni kazi mbili, na ya pili inafanyika vizuri kabisa bila ya kwanza.

Linganisha na matangazo ya ndoa kanisani. Majina husomwa Jumapili tatu mbele ya watu wanaomjua bwana harusi, waliocheza naye mpira, wanaojua kama ana mke mwingine Eldoret. Mwenye pingamizi yuko ndani ya nyumba ile ile, ameketi benchi la nne. Mahakama imechukua utaratibu huo, ikauhamishia kwenye karatasi, ila imeliacha benchi la nne nje.

Kwenye dirisha la masjala

Tulikwenda mahakamani, mimi na jirani yangu, yeye akiwa amevaa koti la harusi za watu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilishasoma kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi, kinachoruhusu barua za usimamizi kubatilishwa wakati wowote ikionekana zilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuificha mahakama jambo la maana. Nilikuwa na kalamu mbili.

Karani alikuwa mtu mpole. Akaitafuta faili, akatugeuzia kwenye dirisha.

Barua ya chifu ilikuwa mle. Iliorodhesha nyumba zote mbili za marehemu, wajane na watoto, wavulana kwa wasichana, hata dada aliyeolewa Webuye, ambaye kwa desturi yetu mbovu huwa wa kwanza kusahaulika. Jina la jirani yangu lilikuwa la tatu. Limeandikwa sawasawa, na namba ya kitambulisho ni yake.

Hakuwa ameibiwa.

Nilimtazama nikitegemea apumue. Uso wake ulizidi kukunjamana. "Kama aliniandika," akasema, "mbona hakuniambia?"

Kulikuwa na fomu nyingine, ile ya ridhaa. Kanuni zinataka kwamba anayeomba kusimamia mirathi awajulishe wenzake wenye haki sawa na yake au iliyo mbele ya yake, nao waweke sahihi kwamba hawana neno. Mistari ilikuwa minne. Miwili ilikuwa na sahihi, mmoja dole gumba lililopakwa wino wa buluu likavujia pembeni, na wa nne, wake, mtupu.

Tukaeleweshwa kwamba mlango haujafungwa. Barua za mwanzo zinampa msimamizi mamlaka ya kukusanya na kulinda mali, lakini hana ruhusa ya kuikata ardhi. Kwa kawaida baada ya miezi sita anarudi mahakamani kuomba zithibitishwe, na hapo ndipo hakimu hutakiwa kuridhika kwamba warithi wote wametajwa na fungu la kila mmoja linajulikana. Warithi hutia sahihi tena, na asiyekubali husikizwa. Kwa hiyo siku thelathini za gazetini hazikuwa mwisho wa dunia, ingawa tangazo lenyewe halidokezi hilo hata kidogo. Mtu akilisoma peke yake anadhani amekwisha.

Jioni hiyo nilimkuta ndugu mwombaji akifunga ng'ombe. Nikamuuliza bila kuzunguka. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua ni maji.

"Si ilitangazwa?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vifungu vyote. Sidhani alikuwa anajificha. Nadhani alikuwa amechoka. Mazungumzo ya shamba la baba yana uzito wake: lazima uitishe kikao, uchinje kitu, uketi na wazee, usikie maneno ya mwaka arobaini na saba, mtu mmoja alie, mwingine aondoke na kofia yake. Serikali ikamwonyesha njia ambayo yote hayo unayaruka kwa ada kidogo tu. Nani asingeipita?

Mama aliyeniomba ninyamaze

Habari hutembea. Watu waliposikia kwamba Mwalimu anajua kusoma Gazeti Rasmi kwenye simu, wakaanza kuja. Na kweli si kazi ngumu: matoleo yako bure kwenye tovuti ya Kenya Law, unatafuta neno Kitale, unapitia. Ijumaa usiku nikawa nayapitia kama wengine wanavyopitia matokeo ya mpira. Mirathi. Hatimiliki zilizopotea, ambapo msajili anasema atatoa nyingine baada ya siku sitini asiposikia pingamizi. Hili la hatimiliki linanitia wasiwasi kuliko mirathi, maana aliyeweka hati ya shamba kama dhamana ya deni la mdomo, kisha akadai imepotea, anamwachia mkopeshaji karatasi isiyo na kazi. Na kuna hati "zilizopotea" ambazo ziko kwenye sanduku la mama mzazi chini ya kitanda.

Nikaanza kuwaza makubwa. Niyachape majina ya kaunti yetu, niyabandike dukani kila Jumamosi, karibu na bei za mbolea. Bure. Huduma kwa jamii.

Kabla sijabandika hata moja, alikuja mama mmoja wakati wa kufunga. Mume wake alifariki akaacha ekari mbili na nusu, na shemeji zake, kwa maneno yake, walianza kupima shamba kwa macho kabla matanga hayajaisha. Tangazo lake lilikuwa limechapishwa wiki ile. Alijua kwamba mimi husoma.

"Mwalimu, hilo langu liache lilivyo."

Nikamwambia sheria iko upande wake: mjane ndiye mahakama humtanguliza katika kusimamia mirathi, na shemeji si mrithi pale ambapo kuna mke na watoto. Akaniangalia kwa huruma.

"Mahakamani ni hivyo. Nyumbani je?"

Hakuwa anaogopa pingamizi la karatasi. Aliogopa ng'ombe kukutwa wamekatwa mikia, watoto kusemeshwa njiani, wazee kuitwa kwa haraka ili aambiwe aolewe na fulani kwanza. Siku thelathini alizopewa ulimwengu mzima wa kumpinga, kwake zilikuwa siku thelathini za kuomba asionekane. Ukimya ule ule uliomuumiza jirani yangu ndio uliokuwa ukuta wake.

Sikubandika kitu.

Na hapo ndipo nilipokwama kwa wiki nyingi, na ndiyo sababu makala haya yamechelewa. Ningeweza kuandika kwa urahisi kwamba wanyonge hawasomi matangazo na wajanja wanayatumia. Ni kweli, nusu yake. Ila mjane yule alikuwa mnyonge aliyejua njia. Nikipiga kelele kwa ajili ya mmoja namwanika mwingine.

Niliposimama kwa sasa ni hapa. Habari ya mirathi haiwahusu watu wote wa kata. Inawahusu watu sita, kumi, kumi na watano, na majina yao chifu anayo, maana ndiye aliyeyaandika. Hao wanastahili kubishiwa hodi mmoja mmoja. Kanuni inayotaka ridhaa yao ipo tayari; kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini mstari wa nne ni mtupu kabla karatasi haijaenda kuchapishwa. Shemeji asiye mrithi hana haja ya kubishiwa hodi. Ama kuhusu barua ya chifu, sitaongeza mengi. Kila mtu hapa anajua kwamba kuna barua zinazotoka siku hiyo hiyo na kuna zinazosubiri chai.

Kalenda mbili

Kuna habari, hata hivyo, ambayo ni ya kila mtu, na hiyo nayo inatangazwa kwa mnong'ono.

Nje ya ofisi ya wadi moja, si mbali na kwangu, pana ubao wa matangazo wenye mlango wa kioo na kufuli. Nilisimama pale nikasoma kilichoweza kusomeka. Zabuni ya kuchonga barabara, wino umegeuka rangi ya chai. Orodha ya waliopata basari, nusu yake imefunikwa na kiota cha nyigu. Na chini kabisa, mwaliko wa mkutano wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, mkutano uliokwisha kupita. Nikamuuliza askari wa lango kuhusu ufunguo wa kufuli. Akacheka tu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inautaja ubao wa matangazo kwa jina, kati ya njia za kuwashirikisha wananchi. Kwa hiyo ubao upo. Kisanduku kimetiwa alama.

Nyigu hawanisumbui sana. Kinachonisumbua ni tarehe. Sheria ya fedha za umma inataka kaunti iwasilishe makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo mikutano ya maoni huangukia miezi ya kabla ya hapo. Muulize mkulima yeyote wa Trans Nzoia, kaunti yetu, yuko wapi mwezi Machi mvua ikigusa ardhi. Mwenye trekta la kukodi anakuja saa anayotaka yeye, na ukikosa zamu yako unapanda kwa kuchelewa, na ukipanda kwa kuchelewa unavuna magunia ambayo hayalipi hata mbolea. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeacha trekta shambani akasikilize takwimu ndani ya ukumbi. Wanaohudhuria basi ni walewale: vijana wa mwakilishi wadi, mwenyekiti wa hiki na kile, na mtu mmoja anayekuja kwa ajili ya soda. Kisha inaandikwa kwamba umma umeshirikishwa.

Mahakama imeshawahi kulikataa jambo hili. Mwaka 2014, Jaji Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kurusha ujumbe wa Twita ukawaachia watu kujitafutia, na akataja mahali ambapo kaunti zilipaswa kupeleka habari: makanisani, misikitini, kwenye hekalu, kwenye mabaraza, kwenye redio za taifa na za lugha za nyumbani. Nilipousoma uamuzi huo nilicheka peke yangu dukani. Jaji alikuwa ameliona benchi la nne.

Tulichojaribu

Nilikwenda kwa msimamizi wa wadi. Nilitarajia kufukuzwa. Badala yake aliniambia, bila haya wala ubaya, kwamba yeye hana mafuta ya pikipiki ya kuzunguka, lakini kama sisi tutaandika tangazo kwa Kiswahili na kulipeleka, yeye atalipiga muhuri.

Tukaandika nusu ukurasa. Ilikuwa kazi kuliko nilivyodhani, kwa sababu karatasi ya kaunti ilisema "maoni kuhusu makadirio ya kisekta" na hakuna mtu anayetoka nyumbani kwa ajili ya hayo. Tuliandika: kaunti inaamua pesa za mwaka ujao ziende wapi, barabara, zahanati, josho, maji, njoo useme. Saa tukaisogeza hadi alasiri, trekta zikiwa zimepoa. Karatasi moja ikaenda kwa mchungaji, moja kwa padri, moja msikitini, moja kinu cha unga. Mchungaji aliisoma kati ya matangazo ya harusi na harambee ya paa.

Watu walikuja, wengi wao kina mama, baadhi wakiwa na udongo miguuni. Ofisa aliyetumwa kutoka makao makuu aliangalia ukumbi akaomba viti vingine. Walisema kwa sauti moja karibu: josho. Ng'ombe wanakufa kwa ndigana, dawa ya kunyunyizia nyumbani imekuwa ghali (kama muuzaji wake sikubisha), na josho la zamani limejaa matope tangu watoto wao wakiwa wadogo.

Ofisa aliandika kila kitu. Alikuwa na mwandiko mzuri. Kisha, kwa upole, akatueleza kwamba josho halimo kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ule ambao hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na sheria hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mpango. Tulichokuwa tunafanya Machi ni kugawa kiasi kati ya vitu ambavyo viliamuliwa wakati tunapalilia na kungoja mahindi yabebe.

Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo kuomba ni lini?"

"Agosti. Ikiwezekana Julai."

"Na tangazo la Agosti lilibandikwa wapi?"

Ofisa akamwangalia msimamizi wa wadi, msimamizi akauangalia mlango.

Kwa hiyo tumeamua tangazo la mwaka huu hatulisubiri litoke. Barua ya josho imeshaandikwa, ina sahihi na dole gumba za watu wa vijiji vitatu, na nakala itapigwa muhuri wa kupokelewa kabla ya Julai kuisha. Jirani yangu wa foleni ya mbolea ni mmoja wa waliozunguka nayo nyumba kwa nyumba. Alianzia kwa ndugu yake, ambaye alitia sahihi, wakakaa hadi usiku wakizungumza mambo mengine. Shauri lao la kuthibitisha mirathi halijapangiwa tarehe, na mstari wa nne bado ni mtupu. Anasema atatia sahihi akishaona fungu la dada wa Webuye limeandikwa ni ekari ngapi.